Kichaka Nyuma ya Chumba cha Nereah

Harufu ile ilinipata nikichambua maharagwe nyuma ya nyumba ya Wamuyu, Kawangware, jua likiwa limelegea. Nilidhani mtu amepita nyuma yangu amejipaka mafuta mazuri, nikageuka nimsalimu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta wa mawe, mti wa avokado, na chini ya avokado, mahali ambapo hata sukuma wiki imekataa kuota, palikuwa na kichaka kimoja cha majani mazito yanayong'aa, kimo chake kama mtu mfupi.

"Ni hicho," Wamuyu akasema kutoka jikoni. "Kimebakiza maua mawili matatu. Ungekuja wakati wa mvua ya vuli ungelewa."

Nikamuuliza kinaitwaje. Akasema hajui. Marehemu mumewe, Gerishon, alikuwa akifanya kazi ya bustani kule Lavington, na jioni moja alirudi nacho kikiwa na majani machache tu, kimefungwa ndani ya gazeti lililoloweshwa maji. Yeye pia hakujua jina. Alikipanda kivulini kwa sababu penye jua palishajengwa vyumba vya kupangisha, na kumbe kivuli ndicho kilichokuwa kikitaka. Kiangazi kikija, mvua ikija, hakiangushi majani.

Mimi ni Mbula, mama yake Muema. Kwetu ni Machakos, ila nimezeekea Laini Saba, Kibera, nikiuza miche kando ya reli: miche ya limau, ya avokado, ya maua ya ua, kila mmoja ndani ya pakiti tupu ya maziwa. Ule mti wa avokado wa Wamuyu ulitoka kwangu ukiwa na urefu wa kijiko, na ndivyo tulivyojuana. Baada ya kura, mambo yalipochacha huko Kibera, miche yangu ilikanyagwa yote na waliokuwa wakikimbia na waliokuwa wakiwakimbiza. Sikuwa na jamaa Nairobi. Nikajifunga leso, nikaenda kwa mtu niliyemuuzia mti.

Sasa mimi nikiona mmea nisioujua, hata chakula hakipiti vizuri. Nikaanza kuulizia kwa wapangaji. Mmoja akaniambia ni mukawa, ule wa porini. Nikaenda nikatafuta miiba, sikuiona. Nikakata jani nione kama litatoa maziwa, maana mukawa hutoa maziwa, likatoka kavu. Mwingine akasema ni kahawa iliyopotea njia. Kweli vitunda vyake ni vyekundu, lakini ni vidogo kama shanga, na jani la kahawa mtu aliyechuma kahawa hawezi kulisahau. Naftaly, fundi wa mabati, mdogo wake Gerishon, yeye hakujali jina. Alisema kitu kinachonukia hivyo jioni kinaita nyoka, na kwamba kaka yake alikuwa mtu mzuri lakini hapo alikosea.

"Umewahi kumwona huyo nyoka?" nikamuuliza.

"Shosho, nyoka aliyeitwa hatangazi."

Nikamwacha na nyoka wake. Asubuhi moja niliinua jani nikalielekeza juani, na hapo nikasimama. Lilikuwa limejaa vitone vidogo vidogo vinavyopitisha mwanga, kana kwamba mtu amelitoboatoboa kwa ncha ya sindano. Vitone hivyo navijua. Viko kwenye jani la mlimau, viko kwenye jani la mchungwa. Nikalifikicha, nikanusa. Ganda la limau, lakini kwa mbali, kama limau linalomenywa nyumba ya tatu.

Bado sikuamini. Nikaendelea kuchungulia kila siku, chini ya majani, kwenye magome, mpaka nikamkuta kiwavi. Huyo kiwavi tumegombana naye maisha yangu yote. Akiwa mdogo hujifanya kinyesi cha ndege, mweusi mwenye baka jeupe mgongoni. Akikua huwa kijani, na ukimgusa anatoa kichwani pembe mbili nyekundu zinazonuka. Kwenye kitalu changu hakuwahi kugusa mche wowote isipokuwa wa limau na ndugu zake. Nikamgusa kwa kijiti. Akatoa pembe. Nikacheka pale peke yangu.

"Unacheka nini, Mama Muema?" Wamuyu akauliza.

"Nimemuuliza huyu mdudu kabila la mti wako, amenijibu."

Wamuyu akatazama kwanza upande wa geti. "Hilo neno usiliseme kwa sauti," akasema. Kisha akainama na yeye akamtazama mdudu. "Amesema nini?"

Nikamwambia ni jamaa ya limau. Jina sina, lakini ukoo ninao.

Kumbe yeye alikuwa na shida nyingine, na siku hiyo ndipo aliponieleza. Dada yake, Nyawira, alikuwa amefukuzwa upande wa Eldoret na watoto wake, wakawa wanalala kwenye ukumbi wa kanisa huko Limuru. Walikuwa waje Kawangware. Vyumba vyote vya ploti vilikuwa na watu, isipokuwa kimoja, na hicho kilikuwa cha Nereah.

Nereah ni mama Mjaluo aliyekuwa akikaanga samaki pale getini. Nilimjua, maana kila nikija kumwona Wamuyu nilikuwa napita kwake. Vijana walipokuja kumuulizia, Wamuyu alimficha kitandani kwake mwenyewe na watoto, na kulipopambazuka akawatoa ndani ya pikapu ya kabeji. Baadaye muuza omena akaleta habari kwamba wamefika Kibera, kijiji cha Raila, kwa dada yake anayeitwa Filister. Tangu hapo chumba kilibaki kimefungwa na kufuli ya Nereah, na vitu vyake ndani.

Majirani walimwambia Wamuyu avunje. Naftaly alimwambia kila alipokuja. Mwenyewe ameenda kwao, alisema, na damu yako inalala kwenye sakafu ya kanisa.

"Kufuli si yangu," Wamuyu alimjibu, na kila mara alimjibu hivyo hivyo.

Basi ikabidi kujenga chumba kipya, na nafasi ilikuwa moja tu katika ploti yote: pale kati ya chumba cha Nereah na ukuta. Pale kwenye kichaka.

Wamuyu hakulia wala hakulalamika. Alimwambia Naftaly akate, mti ni mti na mtu ni mtu. Lakini Naftaly alipopiga vigingi na kuvuta kamba, kesho yake alikuta vigingi vimesogea upande wa bafu. Akavirudisha. Vikasogea tena. Alisimama akajikuna kichwa, akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kuona kamba inayotembea. Mimi nilikuwa nimeona miguu ya Wamuyu ina udongo, na nikainama kwenye maharagwe yangu. Jioni yeye huweka kigoda pale chini ya avokado, na maji aliyooshea mchele anayamwaga polepole kwenye shina.

"Mama Muema," akaniambia siku moja, "wewe si unajua kuzalisha miti? Nipatie kimoja tu. Kimoja tu kilicho hai, kisha Naftaly akate."

Nikamwambia atapata. Naftaly akakubali kungoja mpaka mabati yafike, maana wakati huo malori yalikuwa yakizuiwa njiani na dukani hapakuwa na kitu.

Nilichuma vitunda vyote vilivyokuwa vimeiva. Nikavikamua, nikatoa mbegu, ndogo na laini. Hizi hazikuwa mbegu za mchezo. Limau mimi hulikata sokoni, nikatumbukiza mbegu kwenye udongo siku hiyo hiyo bila kufikiri. Isipoota, limau liko kesho. Lakini mbegu ya thamani, mbegu usiyotaka kuipoteza, kwetu Ukambani haipandwi hivyo. Mama yangu alikausha kunde na mbaazi juani mpaka zilie zikitikiswa, kisha akazipaka jivu la jikoni, fukusi asiziguse. Mbegu isiyopakwa jivu ilikuwa chakula tu. Kwa hiyo nikazianika hizi kwenye ungo mbele ya mlango wa Nereah, palipokuwa na jua zuri, na zilipokauka nikazipaka jivu, nikazipanda kwenye pakiti za maziwa. Wamuyu alinitazama nikifanya hivyo akafurahi. Hata yeye mama yake alitumia jivu.

Tukangoja. Nilimwagilia asubuhi na jioni kwa mkebe niliotoboa matundu. Hakuna kilichotokea. Nikasema labda ni mti wa pole pole. Tukangoja tena. Mwishowe nikachimbua moja, nikaiminya kati ya vidole, ikavunjika kama jino bovu, tupu ndani. Nikachimbua nyingine. Vile vile. Zote.

Nikahamia kwenye vijiti. Nilikata matawi yasiyo machanga sana wala magumu sana, nikayachomeka kivulini. Vijiti hivyo vilinidanganya vibaya. Vilibaki kijani, majani yamesimama, hata nikamwita Wamuyu aje aone. Kisha yakaanguka majani yote karibu kwa pamoja, na nilipong'oa nikakuta chini kumeoza, kweusi.

Ijumaa mabati yakafika. Naftaly aliyaegemeza ukutani, akasema Jumatatu anaanza, na safari hii kamba akaifunga kwa waya.

Nilikaa pale kwenye kigoda cha Wamuyu nikakitazama kile kichaka. Ardhi chini yake ilikuwa imefagiliwa safi miaka na miaka, ngumu kama sakafu. Na hapo swali likanijia ambalo ningepaswa kuliuliza mwanzoni. Mti unaozaa hivyo, watoto wake huwa wanaenda wapi? Haiwezekani usitupe hata mmoja. Na kama uliwahi kutupa, aliyewaona ni mwenye ufagio. Aliyefagia hapo kila asubuhi alikuwa Nereah.

Wakubwa walikuwa wamepeana mikono kwenye redio siku hizo, na barabara zilikuwa zimetulia kidogo. Wamuyu hakutaka niende. Alisema huko Kibera Wakamba wanasemwa wamekula pande zote mbili za sahani. Nikamwambia mimi sijala upande wowote, na nikaondoka Jumamosi asubuhi kwa miguu, nikapita Dagoretti Corner, nikafuata Ngong Road, nikakata kupitia Olympic.

Mahali njia inaposhuka kuelekea Raila, vijana walikuwa wamekalia tairi. Mmoja akaniuliza naenda wapi. Nikasema naenda kwa Filister, dadake Nereah wa samaki. Akauliza kuna nini huko. Uongo sikuwa nao tayari, nikamwambia ukweli.

"Naenda kuuliza habari ya maua."

Wakatazamana. "Shosho," akasema yule, "nchi imeungua yote, na wewe unatafuta maua?"

"Ndiyo. Nyinyi mmeyaona?"

Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye tairi, kisha wakanionyesha njia: nipite bomba la maji, mlango wa bluu.

Nereah alikuwa amekaa mlangoni akipaa samaki. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliinuka, akanifutia mahali pa kukaa kwa upande wa leso yake, akauliza kama Mama Wainaina mzima, ndivyo anavyomwita Wamuyu. Nikasema mzima. Akauliza habari ya bei ya unga Kawangware. Kuhusu chumba chake hakuuliza kitu, nami nikaona si mahali pangu pa kuanzia. Nikamwuliza kuhusu kichaka, na kwa nini mbegu zake zimenikatalia.

"Kile cha nyuma?" Akacheka kwa mara ya kwanza. "Watoto wake nimeng'oa mpaka kiuno kikauma."

Akanieleza. Shore, yule ndege wa kishungi cheusi, hula vitunda vyekundu vikiwa bado na maji, anatua kwenye kamba, anachafua nguo zilizoanikwa, mbegu zinaanguka. Mvua ikinyesha zinaota huko kwenye kona, chini ya majani ya avokado yaliyolowa, pale ufagio usipofika vizuri. Mahali palipofagiliwa na palipopigwa na jua, hata moja haioti.

"Kwani wewe mbegu ulizifanya nini?"

"Nilizikausha vizuri. Nikazipaka jivu."

Nereah aliweka kisu chini. "Mama Muema. Sisi jivu tunasugulia sufuria."

Ndege hana jua wala jivu. Ana tumbo lenye maji na anaangusha papo hapo. Mimi, kwa kuzipenda mno, nilizikausha zikafa.

Akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba. Kati ya ukuta wa udongo na mfereji, pahali penye kivuli, palikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo, na ndani ya mkebe mche wenye urefu wa kiganja, majani yakimeremeta. Moja lilikuwa limeliwa pembeni. Nikaligeuza. Kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Nikakigusa kwa ukucha, kikatoa pembe. Amepita na huku, nikawaza. Huyu haulizi mtu anatoka kijiji gani.

"Niling'oa hiki mvua iliyopita nikakionea huruma," Nereah akasema. "Siku ile ya kuondoka, nilisahau viatu vya watoto nikabeba mkebe. Hata mimi sijui kwa nini."

Nikamwomba anipe. Nilimwambia Wamuyu anataka kimoja tu kilicho hai kabla ya Jumatatu.

Aliusogeza ule mkebe kidogo kwa mguu, karibu na yeye. "Hiki ndicho kitu pekee kilichotoka pale kikaendelea kukua," akasema. Kisha akauliza Jumatatu kuna nini.

Nikamweleza yote: Nyawira na watoto kanisani, mabati, chumba kipya, kichaka kitakatwa kwa sababu hakuna nafasi nyingine.

"Na chumba changu kina nani?"

"Hakina mtu."

"Mama Muema, usinifiche. Mimi nilishasema walivunja siku ile ile. Nilishavililia vitu vyangu nikamaliza."

"Kufuli iko."

"Umeiona wewe, au umeambiwa?"

"Mbegu zangu nilizianikia mbele yake."

Akanitazama usoni. "Ikoje?"

"Ni ya shaba. Umeivalisha kitambaa chekundu mvua isiingie kwenye tundu."

Nereah alikaa chini pale pale kando ya mfereji. Aliniuliza ni nani aliyewazuia, nikamwambia kwamba Wamuyu husema kufuli si yake, na kwamba hata dada yake mwenyewe anamngoja kwa sababu hiyo, na hata kichaka cha mumewe kitakatwa kwa sababu hiyo hiyo. Dada yake Filister aliita kutoka ndani kwamba mafuta yanaungua, hakumjibu.

Kisha akavuta uzi shingoni. Ulikuwa na funguo mbili. Akahangaika na fundo, akalifungua kwa meno, akatoa mmoja.

"Mpe Mama Wainaina. Watoto wa dadake walale kitandani, godoro liko chini. Vyombo wavisogeze tu ukutani. Kikaango wasitumie, hicho ni cha biashara." Akafunga tena uzi na ule ufunguo wa pili. "Huu unabaki na mimi."

"Na mkebe?"

"Na mkebe."

Nilirudi Kawangware mikono mitupu isipokuwa ule ufunguo, niliokuwa nimeufunga kwenye pembe ya leso. Wamuyu alikuwa anapepeta mchele. Aliniona sina mche akarudisha macho kwenye ungo. Nikafungua leso, nikamwekea ufunguo juu ya mchele.

Aliujua kabla sijasema. Alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaenda, akakivua kile kitambaa chekundu, akafungua. Chumba kilinuka samaki mkavu na vumbi. Tulisogeza vyombo ukutani, na Wamuyu akavifunika kwa shuka lake la harusi, ambalo mimi nilikuwa nimeliona mara moja tu. Kikaango alikining'iniza juu kabisa. Jumapili Nyawira na watoto wakafika kutoka Limuru.

Naftaly alipokuja Jumatatu na nyundo, alikuta vigingi vimelala pamoja kando ya ukuta na kamba imeviringwa juu yake. Alitazama kichaka, akatazama mlango uliofunguliwa, nguo za watoto kwenye kamba. "Basi," akasema, "kamba imefika ilikokuwa inaenda." Mabati aliyauza kwa jirani.

Vitunda vilikuwa vimebaki vichache, vya kijani, upande wa ukutani. Nilivifunika kwa neti ya mbu iliyochanika ili shore asiniwahi. Kila kilichogeuka chekundu nilikichuma kikiwa bado na maji, nikakikamua, na mbegu kabla haijakauka mkononi nikaizika chini ya majani ya avokado yaliyooza, ndani ya pakiti ya maziwa, kwenye ile kona ambako Nereah alikuwa akiumia kiuno. Nyawira alitaka kufagia pale. Nikamwambia afagie ploti yote apendavyo, ila kona hiyo aipite.

Mvua ya masika ilipoanza nilikuwa bado kwa Wamuyu. Asubuhi moja niliinamia pakiti, nikaona shingo nyembamba imejikunja, kichwa bado kiko udongoni kama anayetafuta kitu alichoangusha. Sikumwita mtu. Nilisubiri hadi ijiinue na kutoa majani mawili, halafu mawili tena, na pakiti nyingine nazo zikafanya hivyo, ndipo nikamwita Wamuyu.

Alichuchumaa. "Sasa utakiita nani?"

"Bado. Ninachojua limau ni shangazi yake."

Tulipokuwa tumeinama hivyo, kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano alivuka ukuta. Alipita sukuma wiki ya Nyawira, akapita maua ya jirani, akazunguka juu ya pakiti, akatua kwenye jani la kwanza kabisa, jembamba hata likainama. Wamuyu aliinua mkono amfukuze. Nikamshika mkono. Maisha yangu yote nimewafukuza hao, mama za wale viwavi, lakini nilitaka kuona kama atataga.

Akakunja mkia, akaacha yai moja la rangi ya maziwa. Ndipo nikamfukuza.